Bawa Lenye Jina la Mwatum

Jumatano, 6 Agosti
Ndege yetu ya rimoti imekamilika! Mita tatu na nusu, ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Haipiti mlangoni wala uchochoroni, kwa hiyo mabawa yanavuliwa. Kayachonga Pandu, seremala wa Makunduchi, rafiki yangu wa miaka ishirini, mtu wa kupima mara tatu. Mpango wake: bomba la alumini linapita katikati ya kiwiliwili, bawa linavikwa kwenye bomba, kisha linakazwa kwa bolti mbili kutokea ndani. Spana, tochi, jasho. Nusu saa nzima!
Suhail wa duka la simu ana ndege ya kununua Dubai. Anavika mabawa kwa dakika nne, huku ananitazama na kupiga mluzi.
Haiwezekani.

Alhamisi, 7 Agosti
Pandu kaja na kopo la rangi nyekundu. Kaniomba ruhusa aandike chini ya bawa la kushoto. Kaandika MWATUM, herufi kubwa. Mkewe, aliyefariki mwaka jana. Marehemu alikuwa akitucheka, watu wazima na kichezeo chetu, lakini kitambaa cha bawa lile alikikata yeye, naye keshaanza kuumwa.
“Likiwa juu, nataka nilisome,” alisema.
Nikamtilia chai.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimepata! Sumaku! Kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio nina spika mbovu chungu nzima. Nimetoa sumaku nane, nimezigundisha kwenye mabawa na ubavuni mwa ndege. Bolti nimezitupa. Bawa unalisogeza tu: tak! Limeshika. Nimelivuta kwa nguvu zangu zote, halikutoka. (Nguvu zangu, lakini.)
Mke wangu Fathiya kauliza kama Pandu anajua. Nikamwambia ni zawadi, nitamshtukiza nayo kesho. Akauliza zawadi ya nani hasa. Nilikuwa na kazi.

Jumamosi, 9 Agosti
Uwanjani Chukwani, siku ya kurusha ndege. Watu wamejaa. Suhail, dakika nne, kama kawaida. Mimi: bawa la kulia, plagi ya waya, tak! La kushoto, plagi, tak! Sekunde hamsini! Watu wakapiga makofi. Suhail mluzi ukamkatika. Laiti siku ingeishia hapo.
Pandu hakuona. Nilishampeleka mwisho wa uwanja, nikimwambia jina litasomeka vizuri zaidi kutoka kule. Kumbe nilichelea asiulize spana iko wapi. Akaenda na kanzu yake safi na miwani, akasimama peke yake, kichwa juu.
Ikaruka! Wallahi ikaruka. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Suhail akasema kwa sauti kwamba ndege yangu ina adabu kweli, kama bibi harusi. Nikaipandisha wima, injini inanguruma.
Tak.
Nilisikia kabla sijaona. Bawa la kushoto likachomoka kwenye bomba, likashuka polepole likizunguka, jina linaonekana, halionekani, likaangukia hatua chache kutoka alipo Pandu. Ndege yenyewe ikajikita kwenye shamba la muhogo. Pandu hakuiangalia. Aliinama, akaliokota bawa, akalifuta mchanga kwa kanzu.
Nikampigia kelele kuwa ni upepo.
“Naam,” alisema. Basi.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kwake. Nimetunga maelezo: bolti zilikuwa feki. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya Fathiya. Kaondoka chumbani na sahani ya chakula kaichukua.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimekwenda, maelezo yako tayari mdomoni. Bawa liko juu ya meza yake ya kazi. Pembeni yake, sumaku mbili, zimepangwa sambamba. Maelezo yakafa.
Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
“Ungenambia tu, Yussuf. Nngekuchongea kitasa cha kufungia kwa dakika mbili. Nnakijua.”
Nikamwomba radhi. Kwa kweli, bila mpango wowote nyuma yake, mara ya kwanza mwaka huu. Nikamweleza na kwa nini nilimpeleka mwisho wa uwanja. Hilo ndilo lililomuuma, nilimwona. Alilipiga bawa msasa kwa muda mrefu, mimi nimesimama tu. Kisha akasema alilisoma jina mara mbili, lote, kabla halijaanguka. Akanimiminia chai. Nilishindwa kuinywa.

Ijumaa, 15 Agosti
Tumeanza ndege mpya! Bawa la Mwatum limepona, litavikwa hilo hilo. Sharti la Pandu ni moja: nisiguse kifungio chochote bila kumwambia. Nimeapa. Nimemaanisha. Machozi yalinilenga.
Kitasa chake kizuri sana, kinashika barabara. Lakini ni dakika mbili, na Suhail kamwambia kinyozi wetu kwamba safari hii atatumia moja. Moja!
Nimekaa nikafikiri. Mpira wa tairi la baiskeli, ukiukata vipande vyembamba, unavuta ajabu. Ndoano huku, ndoano kule. Sekunde kumi! Nimeshafunga mmoja kwa ndani, hauonekani kabisa.
Pandu nitamwambia. Ikisharuka.