Jiko la Bibi Te Paea Lafungwa kwa Sababu za Usalama

Wizara ya Ustawi Salama, Wellington, ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba kuanzia sasa kijana yeyote wa Kimaori mwenye huzuni atahudumiwa kwa kuheshimu mila zake, katika saa za kazi, na wataalamu wenye vyeti. Hivyo basi jiko la marae, ukumbi wa jumuiya ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambamo vijana walikutana jioni kuosha vyombo na kutoa ya moyoni, lilipaswa kufungwa. Halikuwa na mtaalamu. Lilikuwa na Bibi Te Paea tu.

Mkurugenzi Murray Pettigrew alikwenda kulifunga mwenyewe. Alikuwa amehitimu mafunzo ya utamaduni, asubuhi nzima, pamoja na chai. Huko alifundishwa kwamba ofisa akisimama huwatisha vijana. Kwa hiyo aliingia, akatabasamu kitaalamu, akakalia meza ya chakula, kando ya mikate ya kukaanga.

Jiko zima likanyamaza. Murray akafurahi, aliona ameshawateka.

"Mama yangu wee!" akasema Waimarie. Binti huyu alikuwa amemzika kaka yake majuzi, na nje ya jiko hili hakuwa akisema neno na mtu. "Kaweka makalio kwenye chakula!"

"Shuka, baba," Bibi Te Paea akasema taratibu. "Hapo ni pa kulia, si pa kukalia. Chukua brashi uisugue hiyo meza."

"Bibi, mimi ni Mkurugenzi."

"Pole. Maji ya moto yako pale."

Akasugua. Na kwa kuwa mikono ilishalowa, akapewa masufuria pia. Kwenye sinki lile hakuna anayekukodolea macho. Kila mtu anatazama povu lake. Waimarie, akikausha sahani, akamuuliza kama anavyomuuliza yeyote: "We mzee, unaendeleaje?"

Murray alikuwa na jibu la kiofisi. Hakulitoa. Akasema mkewe ameondoka nyumbani tangu majira ya baridi na wizarani hakuna aliyegundua. Kisha akalia, lo, akalia mpaka mabega yakatikisika. Waimarie akampa kitambaa cha vyombo.

Simu ya Murray ikaita. Yeye alikuwa amezama hadi viwiko ndani ya sufuria, basi Waimarie akaipokea kwa spika.

"Waziri hapa. Hilo jiko limeshafungwa?"

"Bado, mheshimiwa. Mkurugenzi wako anaosha masufuria. Na wewe, unaendeleaje?"

Mlango ukasikika ukifungwa upande wa Waziri.

"Binti," Waziri akasema, kwa sauti ambayo Murray hakuwahi kuisikia wizarani, "nikija huko sasa hivi, nitawakuta jikoni?"