Mteja Wangu wa Kwanza

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya tatu ya mafunzo ya unasihi kwa vitendo hapa chuoni, na sijapata hata mteja mmoja. Mlango wa jirani, foleni! Huyo mwenzangu wa shahada ya uzamili tunamwita Bi Pole, maana kazi yake ni kutikisa kichwa na kusema pole. Ndiyo nini? Mimi ushauri umenijaa mpaka kooni. Msimamizi kasema Ijumaa atakuja kunitazama kazini. Bila mteja, narudia mwaka. Mke wangu kauliza kama nimewahi kujaribu kunyamaza. Nilimweleza kwa kirefu kwa nini haifai. Akasinzia.

Jumanne, 5 Machi
Nimehamisha viti vya kusubiria kutoka kwa Bi Pole hadi mlangoni kwangu. Akili hiyo! Wanafunzi wakakaa. Bi Pole akawaita mmoja mmoja, wakaenda. Mmoja alichungulia kwangu. Moyo ukanidunda. Kumbe anauliza kama kiti changu nakihitaji.

Jumatano, 6 Machi
Dawa nimepata! Shemeji, mdogo wa mke wangu, anakaa kwetu na anasoma mwaka wa kwanza hapahapa. Atajifanya ana shida: baba mkali, usingizi hamna. Alikataa. Nikamwahidi viatu vyangu vya kahawia. Kasema vinambana. Nikamwahidi kutomshauri chochote mwezi mzima. Alikubali kabla sijamaliza kusema.

Ijumaa, 8 Machi
Msimamizi pembeni, kalamu mkononi. Shemeji kaanza vizuri na baba mkali. Halafu akanikazia macho. Kasema anakoishi yupo mtu anayemshauri tangu mswaki mpaka taa kuzimwa. Chai ikorogwe hivi, mlango ufungwe vile. Hata chafya anafundishwa! Wa kumsikiliza hana. Machozi, tena ya kweli!

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Msimamizi akaandika huku anatabasamu. Hapo sauti ikanirudia. Nikamshauri shemeji kwamba machozi hayafutwi kwa kiganja, yafutwe kwa leso, kuanzia pembeni.

Kaomba ahamishiwe kwa Bi Pole.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji anadai ahadi yetu ya mwezi mzima iko palepale. Nimemshauri aisahau.

Msimamizi kapiga simu. Kasema kimya changu cha jana ndicho pekee kilichoniokoa, kwa hiyo ananipa wiki moja ya mwisho. Kasema, ndugu yangu, tatizo lako husikilizi. Nikamkatiza hapohapo, nikamfafanulia anapokosea, hoja baada ya hoja. Nilipofika ya tano nikagundua simu ilishakatwa. Sijui tangu lini.

Jumatatu namfuata ofisini. Mtu mzima yule anahitaji kushauriwa kuhusu adabu za simu.