Nyuso Zimenishinda, Labda Lenzi

Jumatatu, 6 Mei
Hili sijawahi kumwambia mtu: naogopa kumwambia binadamu ageuke nimpige picha. Ndiyo maana albamu yangu nzima ni migongo. Migongo mizuri, lakini migongo. Leo mwalimu wa chama cha picha ametangaza kuwa maonyesho ya Jumamosi ni ya nyuso tu. Asiye na uso ahamie chama cha bustani. Bustani! Mulika, mpinzani wangu mwenye flashi isiyozimika, akauliza kwa sauti kama migongo yangu nayo itapewa jembe. Darasa hoi kwa kicheko. Nikaifuta kamera yangu kishujaa.

Tatizo ni vifaa. Hilo liko wazi.

Jumanne, 7 Mei
Nimesoma maktabani hadi macho yakauma. Bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, hunasa uso haraka, kabla mwenyewe hajashtuka. Lenzi ndefu hunasa uso kwa mbali, kabla mwenyewe hajaniona. Bodi! Hapana, lenzi. Bodi. Mezani, Mama akasema nikiendelea kuzungusha kijiko hivyo nitatoboa sahani.

Jumatano, 8 Mei
Lenzi! Nimempa mwenye duka la picha baiskeli yangu, naye amenipa lenzi ndefu kama mchi. Nimerudi kwa miguu, moyo mwepesi.

Alhamisi, 9 Mei
Nilijificha nyuma ya tangi la maji nimvizie Bibi akichambua mboga. Ua wetu ni mdogo. Lenzi ikaonyesha sikio lake tu. Nikarudi nyuma. Pua. Nikarudi tena, nikapanda ukuta, nikaangukia kwa jirani. Akapiga kelele za mwizi. Bibi akaja kunitetea. Alisema mwizi gani huyu anaogopa hata kuku.

Ijumaa, 10 Mei
Nimerudisha lenzi, nikachukua bodi mpya na kilenzi chake kifupi. Janga! Kwa kilenzi hiki lazima nisimame karibu kabisa. Nilimzunguka Bibi mchana kutwa, nikapata migongo kumi na moja. Mwishowe akageuka mwenyewe, akasema, "Mjukuu wangu, wiki nzima unaninyemelea. Si uniambie tu nigeuke? Haya sogea, siumi." Akajifunga kilemba vizuri, akanitazama, akaanza kucheka. Nikabonyeza.

Jumamosi, 11 Mei
Bibi yuko ukutani! Kila kunyanzi linacheka. Na mwenyewe alisimama kando ya picha siku nzima, akiwaamuru wageni walinganishe. Mwalimu amenibakiza chamani. Mulika alizima flashi, akaniuliza kwa kunong'ona siri yangu ni nini. Nikamwambia ukweli: bodi mpya.

Jumapili, 12 Mei
Nimewaza sana. Kama bodi tu imefanya hivi, lenzi ndefu zaidi itafanya nini? Ningepiga uso wowote bila kumsemesha mtu! Nimeenda dukani. Nimetoa bodi mpya, nimechukua lenzi ya kufunga kwenye bodi yangu ya zamani, ndefu kuliko ile ya kwanza. Mwenye duka alikuwa amegeukia rafu zake. Nikasubiri kidogo, nikakohoa kidogo.

Kisha nikampiga picha ya mgongo, nikaenda nyumbani.