Kovu la Mjomba

Jumatano, 4 Machi

Kuanzia leo mimi ni mpigapicha rasmi. Nimejifundisha mwenyewe, wiki sita, kwa video za kwenye simu, bila mwalimu wa kunigombeza. Nimebandika karatasi mlangoni: MPIGAPICHA WA KIMATAIFA, GONGA KWA NGUVU. Dada yangu mkubwa amegonga kwa nguvu, akauliza kimataifa kipi wakati hata mtaa wa pili hawanijui. Nimemsamehe. Wivu tu.

Mtaa wa pili yuko Bwana Kitambaa, mpiga picha za pasipoti. Ana stuli moja, kitambaa cha buluu alichokibana kwa vibanio vya nguo, na maneno yale yale kila siku: kaa wima, tazama hapa, tayari. Miaka ishirini hajabadilisha hata stuli. Nikipita pale namwonea huruma.

Ijumaa, 6 Machi

Mjomba anakuja kesho! Yeye na mama hawajasemezana miaka kumi na moja, kisa cherehani ya bibi. Sasa kapiga simu mwenyewe, anaileta. Atalala siku moja tu, kisha anarudi kazini ng'ambo, na likizo nyingine ni baada ya miaka minne. Mama amefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Ameniomba kitu kimoja. Anataka picha moja, yeye na mdogo wake, sura zionekane. Hawana hata moja tangu wazaliwe. Nimemwambia aondoe shaka, yuko mikononi mwa mtaalamu. Dada akakohoa.

Kisha mama akasema labda tumwite na Bwana Kitambaa, kwa tahadhari. Tahadhari! Chai ilinishinda. Nikasema akija yule, mimi naondoka. Mama akarudi kwenye mapazia yake. Basi, haji.

Jumamosi, 7 Machi

Mjomba ameingia na cherehani begani. Mama alikuwa amepanga maneno ya kumwambia tangu juzi, hakusema hata moja. Alimshika kichwa, akapapasa lile kovu lake la kwenye paji la uso, upande wa kushoto, akacheka huku analia. Kovu hilo alilitia yeye mwenyewe, kwa mwiko, wakiwa watoto, wakigombania kulamba sufuria. Mjomba akasema asisahau kwamba bado hajalipiza.

Hapo ndipo nilipopaswa kubonyeza. Nilikuwa nabadilisha lenzi.

Baadaye niliwaweka dirishani. Nikawahamishia mlangoni. Nikawarudisha dirishani. Mjomba ainue kidevu, mama ashushe bega, wote wawaze jambo la mbali. Saa nzima ikapita, mjomba akauliza kwa upole kama hii ni picha au ni upasuaji. Mama akaangua kicheko, akamwegemea, na kidole changu kikabonyeza chenyewe. Picha safi kuliko zote nilizowahi kupiga! Nyingine thelathini wamefumba macho. Nimezifuta.

Jumapili, 8 Machi

Mjomba ameondoka asubuhi. Mama kamsindikiza hadi kituoni. Mimi sikwenda, nina kazi.

Somo la kumi na nne linasema mtaalamu hatoi picha kabla ya kusafisha ngozi. Nikasafisha. Mikunjo ya mama, kwaheri. Vifuko chini ya macho, kwaheri. Lile doa la mjomba, kwaheri. Programu ikaniuliza kama iweke hii mpya mahali pa ile ya awali. Sasa ile ya awali ya nini? Nikabonyeza ndiyo.

Jumanne, 10 Machi

Nimeichapa, nikaifunga kwa utepe. Mama akaifungua. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza huyu kijana ni nani. Nikasema ni mjomba. Na huyu mwanamke? Nikasema ni wewe, mama. Akapitisha kidole kwenye paji la uso la mjomba, akakirudisha, akapitisha tena. Akauliza limekwenda wapi. Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alisema ahsante mwanangu, akaiweka kabatini chini ya mashuka, akaenda kukaa kwenye cherehani bila kushona chochote.

Jumatano, 11 Machi

Nimelichora kovu upya kwa programu. Kazi ya saa tano. Dada amesema nimeliweka upande wa kulia, na linafanana na mjusi. Ni kweli. Ni mjusi kabisa.

Kamera iko chini ya kitanda, karatasi ya mlangoni nimeibandua. Najuta, najuta kweli. Mama aliomba sura mbili za watu anaowajua, nami nikampa za watu wa kwenye pakiti ya sabuni. Miaka minne! Na yule mwenye stuli nilimfukuza mimi mwenyewe, kwa domo langu hili.

Alhamisi, 12 Machi

Bwana Kitambaa amekuja nyumbani! Nilijua kaja kunicheka. Kumbe Jumapili alikuwa amesimama nje ya banda lake, linalotazamana na kituo, akawaona mama na mjomba wakiagana pale kituoni, mjomba kainamisha kichwa, mama kamshika paji la uso. Akapiga moja kwa simu. Basi. Akamtumia mama leo, halafu akaifuta kwake, maana simu yake imejaa, na picha ya mtu akishaikabidhi huwa haiweki.

Kovu linaonekana wazi. Mama ameikumbatia simu. Mimi nimelia mbele ya mshindani wangu, aibu iliyoje. Naye wala hakunicheka. Aliniambia tu kwamba siku nyingine nikishabonyeza, niiache.

Naandika hapa ili iwe ushahidi: sitagusa tena sura ya mtu.

Jumamosi, 14 Machi

Mama amenipa simu yake niende dukani picha ikachapwe kubwa, aitundike juu ya cherehani. Pamoja na yote, amenipa mimi. Kanishika mkono, kaniambia iwe kama ilivyo, mwanangu. Nimesema ndiyo mama, na nilimaanisha.

Niko kwenye foleni. Watu watatu mbele yangu. Nimeikuza picha, naitazama tu. Nzuri, lazima nikiri, kwa mtu asiye na mafunzo. Ila jua limempiga mjomba kwenye paji la uso. Pana mng'ao. Upande wa kushoto, pale pale penye kovu.

Watu wawili. Kovu siligusi, nimeapa. Lakini mng'ao si kovu. Ukichapwa mkubwa utamkera mama kila akikaa kushona, na mimi nimeshamkera vya kutosha. Nimepakua programu kwenye simu yake. Ni mguso mmoja tu.

Mtu mmoja. Programu inauliza kama iweke hii mpya mahali pa ile ya awali.

Zamu yangu imefika. Nimebonyeza ndiyo.