Tumbo Rasmi la Mkurugenzi Mkuu

"Ameyanywa, mama! Safari hii ameyanywa kweli, glasi nzima, na mdomo akajifutia tai!"

Binti aliingia na viatu, mkoba begani, habari imemjaa hadi kooni. Mama yake alikuwa ameinamia beseni la nguo na hakuinua hata kichwa.

"Nani kanywa nini? Vua viatu kwanza, nimepiga deki hapo."

"Mkurugenzi Mkuu! Maji ya bomba!"

Hapo mama akainua kichwa, povu mpaka kwenye viwiko.

Maana nyumba ile ilikuwa na mgogoro wake. Binti alikuwa mpima maji wa Mamlaka ya Maji ya mji, bado yuko kwenye miezi ya majaribio, na kazini walishambandika jina la Klorini. Kutwa alipima maji ya bomba, akayaandikia cheti kwamba ni safi na salama, kisha akirudi nyumbani anamkuta mama yake mzazi kashika chupa ya dukani.

"Siku wakubwa zako watakapoyanywa na mimi nitayanywa," mama alizoea kusema. "Wao wenyewe hawayagusi. Mimi nimewakosea nini?"

Mamlaka nayo ilikuwa imeliona tatizo hilo, tena kwa jicho la kitaalamu. Ikatangaza kwa tarumbeta Mkakati Jumuishi wa Kurejesha Imani ya Mwananchi kwa Bomba, na ili mkakati usikose mlezi, ikaunda Kamati ya Koo. Kamati ilikaa vikao kumi na moja. Kila mjumbe aliwekewa mezani chupa mbili za maji, na mwenyekiti wa kikao, kwa uzito wa majukumu, tatu. Muhtasari wa kikao cha nne upo na umesainiwa: wajumbe wameridhika kwa kauli moja kuwa maji ya bomba ni salama, na wanaomba chupa ziongezwe kwa kuwa mjadala unakausha koo.

Kikao cha kumi na moja ndicho kilichotoa azimio la kishujaa. Mkurugenzi Mkuu anywe maji ya bomba hadharani, uwanjani, mbele ya kamera. Mkurugenzi Mkuu alilisaini azimio hilo, kisha akamwita Afisa Uhusiano wake pembeni.

Siku yenyewe ikafika. Bomba jipya linameremeta jukwaani, limefungwa utepe kama bibi harusi. Mkurugenzi Mkuu akahutubia dakika arobaini, akakata utepe, akafungua, akakinga, akanywa mpaka tone la mwisho. Watu wakapiga makofi. Bendi ikapiga kitu.

Sasa, kanuni ya Mamlaka inasema bomba likifunguliwa hadharani, papo hapo lichukuliwe sampuli. Hakuna aliyekuwa anaikumbuka. Ila Klorini alikuwa bado mgeni kazini, na wageni kazini wana tabia mbaya ya kusoma kanuni. Akakinga chupa zake mbili ndogo za kupimia. Moja akaiziba na kuitia muhuri, nyingine akaidondoshea kidonge. Maji ya bomba yana dawa ya klorini, na ukiyatia kidonge kile lazima yageuke rangi ya waridi. Haya yakakaa meupe. Akaongeza kidonge cha pili. Wapi! Meupe vilevile, yanamtazama tu.

Basi akaufuata mpira uliounganishwa na bomba lile. Ulipita chini ya zulia, chini ya jukwaa, ukatokea nyuma na kuingia kwenye tangi jeusi. Pembeni ya tangi palikuwa na mlima wa chupa tupu, na fundi bomba amekaa juu ya ndoo, anapuliza vidole vyake.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Chanzo Mbadala cha Maji ya Mfano," fundi akajibu kama mtoto aliyekaririshwa. Kisha akashusha sauti. "Dada, siku mbili nafungua vizibo! Mimi na Kamati nzima. Afisa Uhusiano kucha imemtoka yule."

"Kwa hiyo kanywa ya chupa?"

"Sasa ulitaka anywe ya bomba? Mtu mzima na heshima zake?"

"Na tangi mliliosha?"

Fundi akamtazama kama kaulizwa habari za mwezini. "Niliambiwa nijaze. Kuosha hakumo kwenye azimio."

Klorini akapanda juu ya ndoo, akachungulia. Mle ndani mlikuwa na mijusi wawili, marehemu wote, na msiba wenyewe ulikuwa wa siku nyingi.

Kufikia jioni, Mkurugenzi Mkuu alikuwa msalani. Taarifa kwa umma ilisema ameendelea kutekeleza majukumu yake akiwa humo kwa muda wa siku tatu.

Siku ya nne ikaja barua. Klorini afike mbele ya Bodi, ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi kwa kuidhinisha maji yaliyolidhuru tumbo la Mkurugenzi Mkuu, ambalo saa za kazi ni mali ya umma. Mama aliisoma barua ile mara mbili. Hakusema "nilikwambia". Alisogeza tu chupa yake karibu, na hilo ndilo lililomuuma binti kuliko barua.

Bodini akaenda roho mkononi. Mwenyekiti wa Bodi alikuwa mama mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutishia. Akavaa ya kutishia.

"Binti, saini hii kwenye cheti ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Ulisema maji ni salama."

"Ya bomba, ndiyo."

"Na Mkurugenzi Mkuu kanywa ya wapi?"

Klorini akafungua mkoba wake. Akatoa glasi mbili. Moja akaijaza kwenye bomba la koridoni, mlango ukiwa wazi wote wanamwona. Nyingine akaimiminia sampuli ya uwanjani, baada ya kuwaonyesha muhuri. Akatia kidonge hapa, kidonge pale. Ya koridoni yakageuka waridi, yakapendeza hata kutazama. Ya uwanjani yakakaa meupe.

"Haya ya waridi ni yetu," akasema. "Hayo mengine siyajui ni ya nani, mheshimiwa. Mwulizeni aliyeyanywa."

Mwenyekiti akamgeukia Mkurugenzi Mkuu, aliyekaa pembeni na Afisa Uhusiano wake, taratibu, mwili mzima.

"Yaliyokuumiza ni ya bomba, au si ya bomba?"

Swali dogo, lakini lina miba pande zote. Akisema ya bomba, basi kwa mwongozo aliouandika mwenyewe, mabomba yote ya mji yafungwe leo hii, na Mamlaka isiyo na maji haina haja ya mkurugenzi. Akisema si ya bomba, basi aliudanganya mji mzima kweupe. Mkurugenzi Mkuu akalegeza tai.

"Samahani, mheshimiwa," akasema. "Kwanza naomba maji."

Afisa Uhusiano, kwa mazoea tu masikini, akamsogezea chupa.

Mkurugenzi Mkuu akaitazama ile chupa. Tumbo lake, mali ya umma, likanguruma, na kila mjumbe akalisikia. Akaisukuma kwa ncha ya kidole, kama mtu anayemsogeza mende.

"Siyo hayo," akanong'ona. "Nipeni ya bomba."

Mwenyekiti akavua miwani ya kutishia, akamwambia karani, "Andika. Neno kwa neno."

Na Klorini mwenyewe ndiye aliyekwenda koridoni kumkingia.

"Akayanywa?" mama akauliza, nguo zimesahaulika kwenye beseni.

"Kama ngamia!"

"Na ile barua yako?"

"Mwenyekiti kaichana mbele yangu, vipande vinne."

Mama akajifuta mikono. Akachukua kikombe, akaenda jikoni, akafungua bomba lake mwenyewe, akanywa funda moja amefumba macho. Akafumbua jicho moja. Akanywa la pili.

"Mbona maji tu?" akasema, kama aliyeibiwa. "Haya, na yeye wamemfanya nini?"

"Kapewa azunguke barabara zote za mji, mama, anywe bomba baada ya bomba, watu wanamwona. Anaanzia sokoni asubuhi, na anayemkingia ni mimi. Nikirudi kesho, hata viatu sivui, nakuhadithia kuanzia mlangoni."