Habari za Mwaija binti Mdoe na Orodha ya Waendao Chini ya Maji

Sogeeni, enyi watu wa Handeni na Korogwe! Mlio shambani tueni jembe, mlio jikoni punguzeni moto, nanyi mnaotafuna mahindi pale Mombo mwambieni dereva angoje. Kwa maana nataka kusimulia tendo kubwa lililotendeka Ijumaa iliyopita mtaani Chanika, hapa hapa Handeni, nalo lilishuhudiwa na watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa anapigwa picha, hakuruhusiwa kugeuka. Nawe chaji ya simu yangu, uliyebakia asilimia kumi na tisa, nakusihi usinitupe kabla sijafika mwisho.

Palikuwa na binti, Mwaija binti Mdoe, Mlinzi wa Pazia la Buluu, Mnyoosha Kola, Mwenye Kujibu kwa Kichwa. Alifanya kazi katika studio ya Hiza, mahali wanapopigwa picha ndogo za vitambulisho, na katika miaka miwili ya utumishi wake hapakuwa na mteja aliyemsikia akitamka zaidi ya amri mbili: "Inua kidevu" na "Usicheke." Kwa amri hizo alitawala walimu, wazee wa mtaa, hata askari mmoja mwenye kitambi. Nyuso elfu na zaidi alizinyoosha. Picha hakuipiga hata moja, kwa kuwa kamera ilikuwa ya Hiza. Naye alikuwa na hamu ambayo hakumwambia mtu: kupiga, kwa mkono wake mwenyewe, picha ya kitu ambacho hakikukalishwa mbele ya pazia.

Alikuwamo pia katika grupu la simu la wapiga picha wa Handeni na Korogwe. Humo alikaa kama jiwe la mlangoni: wote wanalipita, hakuna anayelisalimu.

Basi ikatoka mbiu. Valerian wa Korogwe, mkuu wa grupu, bingwa wa harusi na vipaimara, alitangaza kwamba Jumamosi watu arobaini watapanda Kosta hadi Pangani, watie miwani ya kuzamia, waingie chini ya bahari na kupiga picha samaki na matumbawe, simu zikiwa zimefungwa ndani ya mifuko isiyopitisha maji. Miwani ilikuwa arobaini. Orodha itafungwa Ijumaa saa saba mchana. Na sheria ya orodha mnaijua: unainakili yote, unaongeza jina lako chini, unairudisha kwenye grupu.

Oneni sasa uzito wa jambo. Mwaija ni mtoto wa Handeni, nchi ambamo maji hupimwa kwa dumu na huheshimiwa kuliko mkwe. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka ule wa ukame, kisima kilipokuwa mbali kuliko shule. Maisha yake yote maji yalikaa juu ya kichwa chake, ndani ya ndoo. Leo kichwa kiliitwa kiingie ndani ya maji.

Saa moja asubuhi alishuka vitani. Adui alikuwa beseni la plastiki, jekundu, lenye ufa mmoja ukingoni. Mwaija alivuta pumzi, akazamisha uso, akahesabu moja, mbili, tatu, akaibuka anakohoa kama trekta la mkonge. Mara akatokea bibi yake, Bibi Maryamu, Hakimu wa Ndoo.

"Wee Mwaija! Umepoteza nini humo?"

"Hakuna, bibi."

"Hakuna, na uso mzima umo! Maji nimeyafuata tangu adhana, wewe unayapulizia mafua?"

"Najifunza, bibi. Watu wa picha wanakwenda Pangani kesho. Wanazama."

Bibi akashika kiuno, akahutubia ua mzima pamoja na kuku. "Babu zako walitembea siku nzima kutafuta maji ya kunywa. Ya kuzama hawakuyatafuta! Na wewe muuza duka akikupa chumvi badala ya sukari unarudi nayo, unaona haya kusema. Huko baharini ukishikwa na maji utamwita nani? Kwa kichwa? Mtu asiyeweza kupiga kelele haendi kwenye maji mengi. Nimemaliza."

Mwaija akainamisha kichwa, ndilo jibu lake, akaenda kazini.

Kule studio Hiza alimpokea kwa furaha. Yeye alikuwa namba tatu kwenye orodha. "Mwaija, kesho utafungua wewe. Wakija wa pasipoti waambie bosi yuko chini ya bahari."

Kichwa cha Mwaija, msaliti yule, kikakubali.

Saa zikaenda. Majina yakapanda kama mchwa ukutani. Saa sita na nusu yakafika thelathini na nane, na hapo, wasikilizaji, bila ngoma wala baragumu, kidole cha Mwaija kikanakili orodha, kikaandika herufi moja baada ya nyingine: 39, Mwaija. Kikatuma. Akafumba macho.

Alipofumbua, hayumo. Kwa maana dakika ileile Kimaren, mchunga ng'ombe apigaye picha za minada, alikuwa ameshanakili orodha ya zamani, akajiweka thelathini na tisa, akaituma. Shamimu wa Hale akanakili ya Kimaren, akawa arobaini. Valerian akaandika: "Arobaini. Tumefunga. Asanteni sana." Jina la Mwaija likabaki juu kule, katika orodha iliyokufa.

Hapa ndipo alipojaribiwa kweli, kwa kuwa moyo wake ulitulia, tena ulitulia vizuri mno. Hakukataa yeye, orodha ilimkatalia. Bibi angeridhika, Hiza angekuta studio iko wazi, na hakuna ambaye angejua. Alitaka tu kuhakikisha kuwa hayumo, ndipo aiweke simu chini. Akaisoma kama anavyosoma kila kitu, kidole chini ya kila jina, midomo ikitembea. Waliomaliza shule huitazama orodha kama unavyotazama basi linalopita; Mwaija alishuka kila kituo. Kumi na mbili: Zaidi wa Mombo. Thelathini na tatu: Zaidi wa Mombo. Akarudi juu. Zaidi. Akashuka. Zaidi yuleyule.

Miwani moja haikuwa na uso.

Kuandika maneno yote hayo kungemfikisha alasiri. Akaingia nyuma ya pazia la buluu, katika enzi yake. Upande wa pili Hiza alikuwa analenga kamera, na mbele yake ameketi Mzee Ramadhan aliyekuja kwa picha ya kitambulisho. Mwaija akabonyeza alama ya kipaza sauti kwenye simu, akasema:

"Hamjambo. Mimi ni Mwaija, wa studio ya Hiza, Chanika. Nilijiandika thelathini na tisa, nikaangushwa. Halafu Zaidi wa Mombo yupo kumi na mbili, na yupo tena thelathini na tatu. Hiyo thelathini na tatu naitaka mimi. Naenda." Na kwa kuwa kidevu chake kilikuwa kimezama kifuani, akajiamuru kwa sauti: "Inua kidevu!"

Kidole kilikuwa hakijaachia kitufe. Sauti ikaenda yote kwenye grupu, pamoja na amri ile.

"Nimeshainua, mwanangu," alisema Mzee Ramadhan kwa unyonge. "Nimeinua tangu zamani."

Grupu likashtuka kama watu walioona jiwe la mlangoni limesimama. Kisha Kimaren: "Dada, ni mimi nilikukanyaga. Pole. Vumbi lilikuwa jingi." Kisha Shamimu: "Zaidi, unakwenda na kivuli chako?" Naye Zaidi: "Nilijiandika Jumatatu, nikasahau, nikajiandika tena jana. Dada chukua, sura yangu inatoshwa na miwani moja." Valerian akarudisha orodha mpya: 33, Mwaija, Chanika. Chini yake zikamiminika picha, Kimaren, Shamimu, Zaidi na wengine kumi na mmoja, wote wameinua videvu.

Hiza akafunua pazia, simu mkononi. "Mwaija! Na kesho nani atafungua?"

Kichwa kikataka kujibu. Akakizuia. "Tufunge, bosi."

Jioni alimsikilizisha bibi ule ujumbe wa sauti. Bibi akaomba urudiwe. Ukarudiwa.

"Huyo ni wewe? Mbona unagomba?"

"Ni mimi, bibi."

Bibi Maryamu, aliyehukumu ndoo miaka sabini, akaingia ndani, akatoka na dumu la akiba, akalijaza beseni lile jekundu mpaka kwenye ufa.

"Tia uso. Leo hesabu kumi. Yakibaki, tutamwagia mchicha."

Basi na iandikwe mahali pasipofikiwa na mchwa: Ijumaa hiyo, pale Chanika, kabla jua halijazama, Mwaija binti Mdoe alifika kumi na moja.