Mwavuli wa Ndege wa Ulaya

Jumatatu, 29 Machi 1971
Ngatia amekataa kulala tena. Mtoto wa miezi minne, sauti ya dalali sokoni! Lakini leo nimegundua dawa. Kuna ndege mdogo wa kijivu kwenye ua wa miiba ya kayaba, mpakani na jirani. Alipoanza kuimba nilisogea na mtoto, nikamnong'oneza, sikia baba, sikia anavyokuita. Akalala fofofo! Nimepika, nimefua, hata nimekaa kitako.
Jirani yangu Magdaline anadai ndege ni wake, ati ua ulipandwa na mama mkwe wake. Nikamwambia mdomo wa ndege unaangalia kwangu. Yeye abaki na mkia.

Jumanne, 30 Machi
Habari mbaya. Mwalimu Wamae anasema ndege huyo ni mgeni tu. Huja Oktoba, na mvua ya Aprili ikikaribia hurudi kwao Ulaya. Ulaya! Na hana hata koti. Nikauliza mvua inamkera nini. Mwalimu akacheka, ati nimwulize ndege mwenyewe.
Basi, taabu ni mvua. Nimefunga mwavuli wa mume wangu Kingori juu ya ua. Pia nimetuma habari Wang'uru kwa shemeji Theuri, anayefukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga. Aniletee mmoja wa akiba, anayeimba.

Alhamisi, 1 Aprili
Mvua kubwa! Kingori alienda kazini amejifunika gunia la mbolea. Amerudi akiuliza kama alinioa mimi au ndege.
Ndege hayuko. Chini ya mwavuli alikaa kuku wa Magdaline, mkavu, ameridhika. Magdaline akapaza sauti: mama Ngatia, umemjengea paa, na dirisha utamwekea lini?
Ngatia amelia mchana kutwa. Nimelia naye kidogo.

Jumamosi, 3 Aprili
Theuri amefika. Ndege si mmoja, ni tenga zima! Anasema kule wao hulipwa kuwafukuza, ni mara ya kwanza kuona mtu anawaagiza, lakini shemeji ni shemeji.
Nilifungua kidogo tu, nichague. Hawa hawaimbi. Wanabishana! Walimaliza wimbi, ule ulezi wa uji wa mtoto, wakachafua suruali ya Kingori ya kanisani, wakatoka dirishani wakatua wote kwenye wimbi aliyoanika Magdaline.
Leo hakudai ndege ni wake.

Jumapili, 4 Aprili
Jumapili ya Matawi, na tuko nyumbani. Suruali haijakauka.
Nimefikiri sana. Kosa langu ni kutegemea wageni. Kunguru je? Yuko hapa mwaka mzima. Mvua yuko, baridi ya Julai yuko, haendi popote. Nimemwita kwa kipande cha ugali. Nikampakata Ngatia, nikaanza kumfundisha kunguru kuimba: si hivyo, baba, taratibu, nifuate mimi, hivi, hivi. Nimefundisha mpaka koo limekauka. Kunguru alinitazama tu, hakutoa sauti hata moja.
Kuangalia mapajani, Ngatia amelala fofofo!
Kunguru huyu ana kipawa!
Kingori akanong'ona ati labda mtoto anapenda sauti ya mama yake. Mwanamume ajue nini kuhusu ndege! Nimemwambia alete mwavuli haraka. Mawingu yanakusanyika, na sitaki kunguru aanze mawazo ya Ulaya.